Kovu la Babu Raymond

Harufu ya dawa ya viatu, ile nyeusi ya kwenye kopo, hunirudisha kwenye fleti ya chini ya jengo letu la Kilburn, miaka ya tisini, nikiwa na miaka tisa. Humo aliishi Babu Raymond. Kila Jumamosi asubuhi alitandika gazeti mezani, akapanga juu yake jozi mbili za viatu, akavisugua taratibu mpaka vikang'aa, ingawa siku nyingi hakuwa na pa kwenda.

Alikuwa Mmarekani mweusi, mjane, aliyehamia Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kusafisha mabehewa ya treni mpaka akastaafu. Mama yangu, aliyetoka Tabora kusomea uuguzi akaishia kwenye kazi ya kuhudumia wazee majumbani, ndiye aliyemwogesha na kumpikia uji. Jumamosi hakuwa na wa kuniachia, basi nilishuka naye. Mama alinisemesha Kiswahili nami nikamjibu Kiingereza, kama watoto wote wa jengo letu, lakini neno moja hakuniruhusu kuliacha. "Usimwite Raymond," aliniambia. "Si rika lako huyo. Ni Babu."

Babu alivuta mguu wa kushoto, na sisi watoto, Mungu atusamehe, tulimwigiza kwenye ngazi. Alisema vitani alikuwa mpishi, na kwamba aliteleza jikoni akaangukia jiko. Hatukuwa na sababu ya kutomwamini.

Mwaka ule mwalimu alitutaka kila mmoja alete mzee aliyekuwa vitani azungumze na darasa. Nilimwomba Babu. Akasema atakuja. Lakini kesho yake msichana mmoja, Karen, ambaye babu yake alikuwa na nishani kifua kizima, aliniuliza wangu alifanya nini vitani. Nikasema alipika. Darasa zima likacheka. Nikaenda kwa mwalimu, nikamwambia babu yangu anaumwa.

Babu sikumwambia kitu. Siku ya siku Mama alimkuta mchana, amevaa suti, ameketi dirishani tangu asubuhi akisubiri nimfuate. Nikadai mwalimu ameahirisha. Babu alinitazama, akasema, "Hakuna neno, binti."

Miezi ikapita. Jumamosi moja ikafika bahasha nene kutoka serikali ya Marekani. Babu alikuwa na mtoto wa jicho, Mama mikono yake ilikuwa na povu la sabuni, hivyo nikapewa mimi niisome. Nilisoma kwa sauti ya darasani, bila kuelewa, mpaka maneno yenyewe yakanisimamisha. Barua ilisema kwamba kwenye mlima mmoja wa Italia, askari huyu, mpishi wa kikosi cha weusi, aliacha jiko lake akashuka bondeni mara tatu chini ya risasi, na kila mara akapandisha majeruhi. Mara ya nne alipigwa risasi ya nyonga. Kapteni wake alipendekeza nishani, lakini pendekezo lilizuiwa kwa sababu ya rangi yake, likakaa kwenye majalada zaidi ya miaka hamsini.

"Rudia hapo kwenye nyonga," Mama alisema kwa Kiswahili. Nikarudia. Akaketi kitandani na mikono yake ileile yenye povu.

"Miaka miwili naliosha kovu lile," alimwambia Babu kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Kwa nini ulinidanganya?"

Babu alijibu kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Alisema aliporudi kwao, bado yumo ndani ya sare, alisimulia habari ile kwenye kituo cha basi. Wazungu wawili wakamwita mwongo, wakampiga, wakamng'oa meno mawili. Polisi alikuwepo, akaangalia. Ndipo Babu akahamia Uingereza kwa msichana aliyekuwa akiandikiana naye, akamwoa, na hata huyo, mpaka alipomzika, alimwambia aliteleza jikoni.

Sikuwahi kufikiri kwamba mtu mzima anaweza kupigwa kwa kusema kweli.

"Otis yumo?" Babu akauliza. Nikapekua kurasa. Hakuwemo. "Tafuta vizuri. Otis ndiye aliyeshika upande wa pili wa machela, mara zote tatu. Mara ya nne nilimfuata yeye." Nikatafuta tena, kidole juu ya kila mstari. Hakuwemo.

Hapo ndipo nilipolia, nikamkiria kwamba mwalimu hakuahirisha kitu. Babu akasema, "Nilijua. Nilimwona yule mzee mwingine akipita dirishani na nishani zake." Kisha akanipa leso yake.

Nishani aliletewa na watu wa ubalozi. Shule ikamwita papo hapo. Mwalimu mkuu akamshika mkono kwa mikono miwili, Karen akaomba kuigusa ile nishani. Babu alizungumza robo saa, na yote yalikuwa ya Otis: alivyoimba vibaya, alivyoogopa buibui, alivyoshuka mlima.

Alifariki nikiwa sekondari. Mimi na Mama tuliandika Marekani kuhusu Otis. Tukajibiwa kwa adabu kwamba hakuna shahidi aliye hai wala karatasi yoyote inayomtaja.

Kwa miaka mingi nilipoisimulia habari hii niliwalaani wale waliofungia jalada. Nilikuwa mtu mzima, na watoto wangu wamekaa wananisikiliza, nilipotambua kwamba mimi nami nilimfungia Babu nje ya darasa langu, na sikumfungulia mpaka barua ilipofika. Watoto waliniuliza kama kweli Otis alikuwepo, maana hana barua.

Nikawaambia alikuwepo. Babu yangu alisema.