Nazneen Barkat na Ukurasa Wenye Hati Mbaya

Alizaliwa Nazneen Barkat mjini Nairobi, mtaa wa Ngara, mwaka 1939, katika nyumba ya Wapunjabi Wakristo ambamo watu walisali kwa Kiurdu na kugombana kwa Kiswahili. Baba yake, karani wa reli, alimfundisha kusoma kabla hajaanza shule. Mwaka 1968 akaja London, akapanga chumba Hounslow, akapata kazi ya kupakia vyakula vya ndege. Wenzake mezani, Waislamu, Wahindu na Masingasinga, walimletea karatasi za serikali awasomee, naye akawasomea mpaka sauti ikamkauka. Jumapili moja padre alihubiri juu ya mtu aliyebisha mlango wa jirani bila haya hadi akafunguliwa. Nazneen alitoka kanisani mbio kama aliyeacha chungu motoni. Mwaka 1974 akatoa toleo la kwanza la Dastak, maana yake hodi: gazeti la Kiurdu la kila Alhamisi, na mhariri wake mwanamke.

Hakupata raha. Dirisha lake lilivunjwa kwa matofali. Waumini wenzake walinung'unika kwamba anatumikia watu wa dini nyingine. Aliwajibu, "Mungu hajaniuliza dini zao," akaendelea kukata vitunguu vya sikukuu ya parokia. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: fahari ya ukurasa wake. Enzi zile gazeti la Kiurdu liliandikwa lote kwa mkono, kwa kalamu ya mwanzi, ndipo likapelekwa mtamboni. Mwandishi wa hati wa Dastak alikuwa Mzee Munir, na hati yake ilipendeza hata watu wakaikata na kuibandika ukutani. Nazneen aliwaapia wasomaji kwamba maadamu yu hai hakuna mkono mwingine utakaogusa ukurasa wa mbele.

Jumatano moja ya mwaka 1983 Munir akalazwa hospitali. Siku hiyohiyo akaja Champa, mjane mzaliwa wa Kisumu, msafishaji wa uwanja wa ndege. Kibali chake kilitegemea cha mumewe, na mumewe alikuwa amefariki. Ijumaa angepandishwa ndege arudishwe Kenya.

"Dada, nirudi kwa nani?" aliuliza.

Nazneen aliitazama kalamu ya Munir. Hati yake mwenyewe ilikuwa kama kuku aliyekanyaga wino. Akasali, akaandika habari ya Champa ukurasa wa mbele.

Alhamisi asubuhi wasomaji waliona hati ngeni, wakakata shauri: mhariri amekufa. Habari yenyewe wengi hawakuisoma. Wakafunga maduka katika mitaa ya Harrow na Kingsbury, wakavaa nguo za msiba, wakabeba sufuria za pilau hadi Hounslow. Nazneen akawafungulia mwenyewe.

Kuldip, muuza vitambaa kutoka Nakuru, nusura aangushe sufuria. "Dada, kumbe uko hai? Basi hati hii ya nani?"

"Yangu."

"Afadhali ungekufa."

Barabara nzima ikacheka. Aibu ilimchoma, akashika mlango aufunge. Kisha akauona umati ulivyofika hadi kona, akauachia mlango.

"Hajafa mtu," akasema. "Lakini yupo anayechukuliwa kesho. Bebeni sufuria."

Akamwita Champa kutoka ndani, akamtanguliza, wakaandamana hadi ofisi ya mbunge, wakakaa kwenye ngazi. Mbunge akatoka, akala, akasikiliza, akaandika ombi jioni ileile. Safari ikasimamishwa, na mwaka uliofuata Champa akapewa kibali chake mwenyewe.

Waliokuwepo husimulia kwamba pilau ile ililisha umati, polisi na wapita njia, na ikabaki. Wapo wasemao sufuria zilikuwa kubwa. Ni kweli, zilikuwa kubwa. Lakini Kuldip ndiye aliyepakua, na hadi leo haelewi.

Nazneen alifariki mwaka 2022. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatulitangulii. Ila anayetaka kumwiga asingoje mkono wake uwe mzuri. Siku ya mazishi watu walijaa ukumbi wa parokia na sufuria zao, safari hii bila kukosea. Champa, kichwa cheupe kwa mvi, alifunika pilau iliyobaki, akawageukia.

"Haya. Nani anachukuliwa kesho?"

Nyuma kabisa Afra, binti wa Kipemba anayehudumia wazee, akainua mkono. Watu wakaanza kutafuta makoti yao.