Waya Niliouita Mwizi

Mimi ndiye niliyembishia Maman Neema, mwenye duka la intaneti hapa kambini Nakivale, mpaka akachoka.

"Swichi ya bei ndogo ya kugawa intaneti ingetosha," alisema. "Kompyuta zangu haziko mingi."

Nikamnunulisha ile ghali, inayoonyesha kila waya unatumia intaneti kiasi gani na kukuruhusu kuufunga.

Juzi intaneti ikawa nzito, na vijana wamejaa dukani wakituma maombi ya chuo. Nikatazama mipangilio ya swichi, nikaona waya mmoja unameza kila kitu. Kwa hasira nikauandika humo "mwizi", nikaufunga. Duka zima likakosa intaneti, vijana wakaondoka wakiguna. Nikaapa kwamba tumeuziwa kifaa kibovu. Nikaibeba swichi, nikamburuta Maman Neema hadi mjini Mbarara na kumfokea muuzaji mbele ya wateja wake.

Muuzaji akaiunganisha swichi na kompyuta yake, akasoma, akauliza taratibu, "Nani aliandika mwizi hapa?"

"Mimi, fundi wa duka."

"Na waya huo unatoka wapi?"

Maman Neema akanijibia.

"Kwa antena. Ndio unatuletea intaneti."