Breki Zinazotaka Joto

Karakana nzima ilimwita Sindano. Wageni walidhani ni kwa sababu ya kazi yake, maana alishona viti vya magari katika kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa gereji ya mumewe. Waliowahi kukwaruzana naye walijua kwamba kazi ilikuwa nusu tu ya jina.

Mumewe aliitwa Rubani, ingawa hakuwahi kurusha hata tiara. Nje ya mji palikuwa na uwanja wa ndege uliokwisha kuachwa na ndege, na Jumamosi fulani fulani ulifunguliwa kwa wenye magari ya mbio. Waliingia, wakayakimbiza magari yao pale pasipo polisi wala tuta, kisha wakarudi makwao na hadithi. Hapakuwa na kombe wala mshindi. Ila kwa Rubani, siku ya uwanjani ilikuwa sikukuu, na gari lake jekundu la milango miwili ndilo nguo mpya.

Sindano hakuwa adui wa gari lile. Kiti chake alikishona yeye mwenyewe, kile chembamba chenye mbavu mbili zinazomkumbatia dereva asiyumbe kwenye kona. Alimpima mumewe mgongo kwa utepe, taratibu, kama anayepima bwana harusi, akashona kwa uzi wa mikunjo miwili. Watu waliokikalia walisema ni kama kukaa kiganjani mwa mtu anayekupenda. Hawakukosea.

Ugomvi uliletwa na breki.

Siku moja uwanjani, Rubani alikimbiza gari raundi baada ya raundi mpaka breki zikapata moto kupita kiasi na mafuta yake yakachemka ndani ya mipira inayoyapitisha. Akafika kwenye kona, akakanyaga, pedeli ikazama mpaka chini bila kugusa kitu. Gari likaiacha lami, likaenda kulala kwenye nyasi. Alirudi nyumbani midomo imemkauka.

"Mke wangu," alisema, amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake mkononi, "usiombe. Unakanyaga breki, hakuna kitu. Ni kama kupiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu."

Sindano alimwonea huruma. Alimchemshia maji ya kuoga, akamkanda mabega. Na tangu siku hiyo, breki zikawa ndio mgeni wa heshima wa nyumba ile. Zikaagizwa diski pana zenye mifereji. Zikaja kalipa kubwa nyekundu zinazobana diski kwa nguvu ya simba, mipira iliyosukwa kwa waya wa chuma, mafuta yasiyochemka upesi, na mabomba ya kupeleka upepo kwenye magurudumu yapoe. Rubani alizifunga kwa mikono yake, kwa saburi ya mtu anayemvisha mtoto nguo za Idi au za Krismasi. Kazi ilikuwa safi, na Sindano alikuwa wa kwanza kuisifu.

"Lakini bwana," alisema, "lile gari letu dogo nalo linalia. Nikikanyaga, linalia kama mlango wa mahakama."

"Kesho nalitazama."

"Kesho yako haijawahi kukucha."

Gari dogo ndilo lililokuwa gari la nyumbani. Ndilo lililobeba marobota ya vitambaa na ngozi. Ndilo lililompeleka mama mkwe, aliyeishi nao tangu goti lake liharibike, kwenye zahanati ya mazoezi chini ya mteremko. Mteremko wenyewe ulianzia mlangoni pao, ukanyooka kama utepe mpaka njia panda, na kule chini watu walivuka bila kutazama juu, kwa imani kwamba kila kinachoshuka kina breki.

Basi jioni moja Rubani aliingia jikoni anafuta mikono, uso umemeta. "Gari lako tayari. Na sikukuwekea takataka za dukani. Nimekuwekea pedi za mbio! Zangu mwenyewe, zile nilizovua kwenye jekundu. Hazijalika hata nusu."

Magari yale mawili yalitoka kiwanda kimoja, na breki za mbele za zamani za jekundu zilikuwa sura moja na za gari dogo. Sasa jekundu lilikuwa na breki zake kubwa mpya. Pedi za zamani, vile vibao vinavyoibana diski mpaka gurudumu lisimame, zilibaki rafuni, na Rubani alikuwa mtu asiyetupa kitu kizima.

Sindano alifurahi. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote: alifurahi. Alimwambia jirani, akamwambia muuza maziwa. "Mume wangu kanipa breki za mbio." Alijiona mke anayefikiriwa.

Asubuhi ya kwanza gari lilichelewa kusimama. Asubuhi ya pili pia. Kelele nazo ziliongezeka. Alipomwambia Rubani, alicheka. Alicheka mbele ya mafundi, hilo nalo Sindano hakulisahau.

"Si breki hizo, ni mguu wako. Unakanyaga kama unakanyaga cherehani. Breki ya mbio haibembelezwi, mama, inakanyagwa!"

Mafundi wakacheka. Sindano naye akacheka kidogo, kwa haya. Akarudi kibandani, akautazama mguu wake wa kulia uliokuwa juu ya cherehani. Mguu ule ulijua kuisimamisha sindano juu ya tundu lililokusudiwa, katikati ya ngozi ambayo ikitobolewa vibaya hairudi. Hakuna mguu mwanana kuliko ule katika karakana nzima. Na bado alimwamini mumewe, akaushuku mguu wake mwenyewe. Akaanza kukanyaga kwa nguvu zote. Akabadili hata viatu.

Ijumaa, kabla umande haujakauka, alimpakia mama mkwe mbele, akamfunga mkanda, wakaanza kushuka. Mama alikuwa anasimulia habari za goti. Katikati ya mteremko Sindano akakanyaga. Pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe, na gari likaendelea na safari yake. Akakanyaga tena, kwa miguu miwili, mgongo umekakamaa kwenye kiti. Magurudumu yakapiga yowe, lakini mwendo haukupungua ila kidogo mno. Kule chini, kwenye njia panda, mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa katikati ya barabara.

Mama mkwe alikatiza hadithi ya goti. "Mwanangu, simamisha."

"Halisimami, Mama!"

Kushoto palikuwa na nyumba inajengwa, na mbele yake chungu ya mchanga. Sindano akakata usukani. Gari dogo likapanda mchanga kwa pua, likaingia mpaka kwenye kioo, likazimika.

Mwashi mmoja akachungulia kutoka juu ya jukwaa. "Mama, mchanga huo tumeununua! Si wa kuegeshea!" Alipoona nyuso zao akaruka chini, akaanza kuchimba mlango kwa mikono.

Mama mkwe alikuwa na alama nyekundu ya mkanda begani. Kule chini, yule mwanamke alikwisha vuka, hakujua lolote, anamrekebisha mwanawe mgongoni. Sindano alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Akamkalisha mama mkwe kwenye kiti cha mwashi, akamwomba mwashi amwangalie, akapanda mteremko kwa miguu. Mchanga ulimjaa nyweleni.

Gereji ilikuwa na watu. Rubani alikuwa amechuchumaa kando ya jekundu, gurudumu limevuliwa, anamwelekeza daktari wa meno, mteja aliyenunua gari la mbio majuzi na kutaka kwenda uwanjani kesho yake. Sindano alisimama nyuma yao, akasikia.

"Daktari, hizi si pedi za kwendea sokoni," alikuwa anasema Rubani, na sauti yake ilijaa upendo. "Zikiwa baridi ni sabuni tupu. Zinataka joto. Unazipasha kwanza, raundi mbili tatu, ndipo zinang'ata. Ukimaliza, kabla hujatoka uwanjani, unazivua, unarudisha za barabarani. Ukirudi nazo nyumbani umejitafutia jeneza."

"Hata zile ulizokuwa nazo kwanza?"

"Zile zile. Ukoo mmoja."

"Ulijua," alisema Sindano.

Rubani aligeuka, tabasamu bado liko usoni. "Umepatwa na nini? Mchanga wa nini huo?"

"Ulijua kwamba ni sabuni."

Tabasamu likaanza kuondoka, polepole, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. "Mama yuko wapi?"

"Mama yako kakaa kwa waashi anatetemeka. Mzima. Gari liko ndani ya mchanga, na sababu ya kuwa ndani ya mchanga ni kwamba kulikuwa na mtu na mwanawe barabarani. Nilipiga hodi, Rubani. Kwa miguu miwili! Hakukuwa na mtu nyumbani."

Daktari wa meno akaanza kutafuta funguo zake mfukoni.

"Sikufikiri," alisema Rubani. "Nilijua kwa... nilifikiria uwanjani. Sikufikiri kwamba..."

"Kwa lile unajua, kwa hili hufikiri."

Angekuwa hajui, angemsamehe pale pale. Asiyejua ni kipofu, na kipofu hushikwa mkono. Lakini elimu hii mumewe alikuwa nayo mdomoni, anaigawa bure kwa kila anayepita na gari jekundu. Ilifika kwa daktari wa meno. Ilishindwa kufika jikoni. Na ilipodaiwa, ikasema kosa ni mguu! Akakumbuka viatu alivyobadili, kifua kikamwaka.

Rubani alikwenda mbio kumchukua mama yake kwa gari la daktari, akamleta nyumbani, akampigia magoti. Hilo alilifanya vizuri. Kisha akarudi gerejini, akamkuta Sindano bado amesimama, akasema neno ambalo afadhali angelimeza.

"Tumshukuru Mungu yamepita. Kesho ni siku ya uwanjani, watu wananisubiri. Jumatatu, haki ya Mungu, nalishughulikia gari dogo."

"Jumatatu."

"Mapema kabisa."

Sindano hakupiga kelele, na mafundi waliomjua wakasogea ukutani. Aliingia kibandani, akatoka na spana. Kazi yake ilikuwa kuvua viti. Alivua viti kila siku ya Mungu. Akafungua mlango wa jekundu, akapiga magoti, boliti zikaanza kulia.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Breki ni zako. Kiti ni changu."

"Sindano, bwana, watu wanatazama."

"Siku ya mguu wangu pia walitazama."

Fundi mmoja alikohoa kuficha kicheko, hakufanikiwa. Sindano akakitoa kiti kizima kizima, akakikumbatia kifuani, akatoka nacho getini. Jekundu likabaki na shimo upande wa dereva, kama kinywa kilichong'olewa jino, mbele ya daktari wa meno.

Rubani alifika nyumbani jua limeinama. Kiti chake cha mbio kilikuwa barazani, na ndani yake alikaa mama yake, goti limenyooshwa juu ya stuli.

"Kiti kizuri hiki," alisema mama. "Kinashika mgongo."

"Mama, naomba..."

"Mwanangu, mimi nimekutetea kwa mkeo tangu siku ya harusi. Hata ulipokuwa na makosa nilisema, ndivyo alivyo, mchukulie. Leo nimetazama mchanga unakuja kwenye kioo, nikatafuta la kukutetea." Akajipapasa bega. "Sijalipata."

Rubani alisimama pale na kofia mkononi. Kisha akashuka mteremko kwa miguu, akaenda kulichimbua gari dogo.

Jumamosi alishinda uani. Upepo ulipogeuka, ngurumo za magari zilifika kutoka uwanja wa ndege, na kila zilipofika aliinua kichwa, akakiinamisha tena. Alizivua zile pedi ngumu, akafunga mpya za kawaida, za dukani, zile alizoziita takataka. Akabadili diski zilizochubuka, akatoa mafuta ya zamani, akapiga msasa kila kilichoshika kutu. Sindano alipita mara kadhaa na ndoo. Hasira yake ilikuwa bado imesimama wima. Kazi nzuri hakuwahi kuikataa. Swali lake lilikuwa kwa nini kazi nzuri ilihitaji kwanza chungu ya mchanga.

Jumapili asubuhi, umande bado uko, Sindano alitoka na funguo. "Endesha wewe. Na gari ni baridi, usilipashe. Mama atakaa mbele."

Rubani akashika usukani. Wakashuka, Sindano nyuma, macho yake kwenye kisogo cha mumewe. Kilikuwa kinatoka jasho. Katikati ya mteremko Rubani akakanyaga, na gari likasimama pale pale, kimya, likainamisha pua kidogo kama mtu mwenye adabu.

Kutoka kwenye nyumba inayojengwa, mlinzi akapaza sauti: "Leo hamtaki mchanga?"

"Tumeshiba!" alijibu mama mkwe.

Sindano akashuka, akafungua mlango wa dereva. "Toka hapo."

Rubani akahamia nyuma; Sindano akakaa, akavua viatu vigumu, akaviweka nyuma. Akaliachia gari mpaka karibu na njia panda, kisha akakanyaga kwa mguu mtupu, kwa uanana, vilevile anavyokanyaga cherehani. Gari likaitika.

"Mguu huo hauna kosa," alisema Rubani kwa sauti ndogo.

"Utakwenda kuyasema hayo gerejini. Kwa sauti ile ile uliyochekea."

"Nitasema." Akainama mbele. "Na kiti?"

Sindano akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama nje ya dirisha, anapapasa goti.

"Mpaka lipone," alisema. "Na goti langu, mwanangu, halina haraka."