Mashuka Yaliyorudi na Mikunjo Yake

Walimwita Bi Shaka, na jina likamkaa. Alikuwa dobi wa hospitali ya wagonjwa wa akili, mwanamke mfupi, mikono imechubuka kwa sabuni, na hakuwa mtu wa kuamini kirahisi. Ukimwambia kumekucha, atachungulia dirishani kwanza. Hata mumewe alipofariki, alimwuliza daktari mara tatu kama ana hakika.

Mtu wa namna hiyo ndiye waliyempa mashuka ya wodi ya nyuma ayafue, wodi aliyolazwa dada yake wa tumbo moja. Dobi haruhusiwi kuingia. Anapokea bunda mlangoni, analirudisha mlangoni. Siku ya kutembelea wagonjwa, dada aliletwa bustanini akiwa amevaa gauni safi, mhudumu amesimama nyuma yake.

"Unalala vizuri, dada?"

"Nalala vizuri," dada alijibu, lakini alimtazama mhudumu kwanza. Moyo wa Bi Shaka ukamwambia hapa pana jambo.

Akaanza kuyachunguza mashuka. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ndiyo kazi yake. Mashuka ya wodi nyingine yalikuja na jasho, matapishi, na mengine nisiyoweza kuyataja mbele za watu. Ya wodi ya nyuma yalikuja na mikunjo ileile aliyoipiga pasi wiki iliyopita. Watu ishirini na wawili, hata tone la chai! Safari hiyo alipitisha uzi mwekundu kwenye mikunjo ya kila shuka, mshono mmoja tu. Atakayelikunjua hana budi kuukata. Baada ya siku saba yakarudi yote ishirini na mawili, nyuzi nzima.

"Wagonjwa wetu ni wasafi, mama," alisema msimamizi wa wodi alipoulizwa.

"Wasafi gani hao wanaojifunika shuka bila kulikunjua?"

Msimamizi akakumbuka ghafla ana kazi mahali pengine. Bi Shaka akajitwika bunda, akaingia nalo mpaka kwenye kikao cha bodi, akalitua mezani katikati ya vikombe, akaeleza habari ya uzi. Wajumbe wakataka kujua katumwa na nani. Yeye naye aliwatazama mmoja mmoja, akijiuliza nani kati yao alijua. Nusura afukuzwe kazi. Lakini mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, aliuvuta uzi kwa kidole, akainuka, akataka kupelekwa wodini saa hiyohiyo.

Walikuta mlango una kufuli kwa nje, na wanawake wamelala kwenye saruji. Mashuka yalikaa kabatini yakisubiri wageni wa ukaguzi. Yalipelekwa kwa dobi kila wiki kwa sababu daftari lilitaka yaandikwe kuwa yamefuliwa, na hakuna aliyekumbuka kuyachafua kidogo.

Kelele alizozianza siku hiyo zilichukua miaka mitano. Kufuli likang'olewa, wahudumu wakafundishwa upya, ndugu wakaruhusiwa kufika hadi kitandani. Wakubwa walipomsifu, alijiuliza wanataka nini. Alialikwa kwenye mikutano, dobi mbele ya madaktari, na neno lake lilikuwa moja: mgonjwa hafungiwi.

Kisha dada akaruhusiwa kurudi nyumbani, na Bi Shaka akaona cha mtema kuni. Alihesabu visu. Alitega sikio ukutani. Dada akicheka peke yake, anaulizwa anacheka nini. Akinyamaza, anaulizwa mbona kanyamaza. Asubuhi ya siku ya tisa, akiwa tayari kwenda kazini, Bi Shaka aliuvuta mlango wa chumba cha dada taratibu, akatia ufunguo, akauzungusha.

"Mdogo wangu," sauti ikatoka ndani, tulivu kabisa, "na huku nako nimelazwa?"

"Ni mpaka nirudi tu, dada. Kwa usalama wako."

"Kule walionifungia hawakuwa wa tumbo moja na mimi," dada alisema.

Bi Shaka aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alifungua, akamtia dada ufunguo mkononi, akatoka bila kugeuka nyuma. Njia nzima moyo ulimdunda, maana bado hakuwa na hakika.