Beseni la Matabishi

Mara ya kwanza nilizunguka soko la Mabanga na barua ya Kifaransa yenye muhuri wa parokia. Nilikuwa namwombea mchango mtoto aliyehitaji kupasuliwa, na wazazi wake hawakuwa na uwezo. Wauzaji waliutazama muhuri kwa heshima, kisha wakanirudishia barua yangu. Moyoni nikawaita wachoyo.

Mama mmoja muuza maharagi ndiye aliyenitoa ujinga.

"Papa, achana na ile barua. Weka beseni hapa. Kila mutu akinunua, nitamuuliza kama anaachia watoto wagonjwa matabishi yake."

Kwetu Goma, mnunuzi akishapimiwa huongezewa konzi moja ya bure. Hayo ndiyo matabishi, na watu huyapigania kuliko bei yenyewe. Sikuamini kama kuna atakayeyaacha. Kufika saa sita mchana beseni lilikuwa limejaa. Tukaendelea hivyo wiki nzima, tukauza maharagi yale, na mtoto akapasuliwa. Leo mabeseni yapo soko zima, nami siogopi tena kumwambia daktari aanze kazi, tutalipa.

Juzi mama wa yule mtoto wa kwanza, mkulima kutoka mji wa Kiwanja, alikuja kununua maharagi. Kwa kumhurumia, muuzaji akamtilia matabishi kwenye mfuko wake wa maharagi bila kuuliza neno.

Yule mama akakunja uso. "Mbona mimi hukuniuliza?"

Akaingiza mkono kwenye mfuko huo, akachota, akamwaga kwenye beseni. Konzi mbili.