Bundi Mweupe na Ndara Yangu

Tangu tustaafu, mimi na mama watoto tunazunguka majira ya baridi na gari lenye kitanda na jiko, tukipiga picha za ndege. Juzi tulikuwa mji wa Anoka, kwenye theluji, kwa binti yetu aliyejifungua, bundi mweupe akatua juu ya paa. Bundi, juu ya mjukuu wangu mchanga! Nikavua ndara nikamrushia. Mke wangu akabonyeza kamera. Picha ikatoka, mabawa wazi.

Kanisani nikaionyesha. "Nililala kwenye theluji bila kupumua," nikajisifu. Wakapiga makofi.

Mzee mwenzangu akavaa miwani. "Na huyu anayeruka nyuma yake, mwenye kamba, ni ndege gani?"

"Ndara yake," mke wangu akasema. "Na mpiga picha ni mimi."

Kanisa likacheka. Nikawaambia, ndiyo, ndara ni yangu. Na mjukuu ni mzima.