Ming'oko kwa Mkate Mweupe

Harufu ya ming'oko inayochemka haijifichi. Inatoka na udongo wake, moshi wake na utamu mwembamba unaokuja nyuma kabisa, wakati umeshakunja pua. Mama aliichimba porini, mizizi mirefu iliyokonda kama vidole vya mzee, akaiosha, akaifunika kwa majani ndani ya chungu, na nyumba yetu ya Nachingwea ikanuka hivyo kiangazi kizima. Mimi niliichukia. Niliiona ni harufu ya watu waliokataliwa na duka.

Kiangazi kimoja akaja Hamisi, mtoto wa mjomba wangu, kutoka Ruangwa. Mjomba alichimba dhahabu Namungo, na mawe yalipomkubali, chakula cha nyumbani kwake kilitoka dukani moja kwa moja. Mimi na Hamisi tulilingana umri, ila yeye alishuka na mfuko wa mikate myeupe, siagi ya kopo, biskuti na soda. Mama yangu alikuwa na jibu moja kwa kila kitu cha dukani: "Kwani mbaazi zimeisha?" Hazikuwahi kuisha. Wala kisamvu cha karanga, wala ugali wa mtama. Nilimtazama Hamisi akipaka siagi, nikavihesabu vipande vyake, nikavihesabu tena, huenda kimoja kilikuwa changu na hesabu ndiyo iliyonidhulumu. Wivu ulinikaa kooni, palepale ambapo mkate ulipaswa kupita.

Kuomba sikujua, basi nikafungua biashara. "Kipande kimoja, ming'oko miwili," nilimwambia nyuma ya jiko. Hamisi akainusa, akaonja, akatafuna taratibu kama mnunuzi wa korosho anayetafuta kasoro. "Mitatu," akasema. "Na iwe ya katikati, hii mikia ule mwenyewe." Nikaguna, nikashika kichwa, nikajifanya naumia, kumbe moyoni namhurumia kwa ujinga wake. Mkate ulipoisha tukaingia kwenye biskuti, biskuti zilipoisha akaanza kula chunguni kwetu bila kubadilishana chochote. Hapo ningeshtuka. Sikushtuka.

Mjomba alipokuja kumchukua, Hamisi alikaa nyuma ya Mama akashika khanga yake. "Mimi nabaki kwa shangazi," akasema. Kwetu mtoto kulelewa kwa mjomba au kwa shangazi si habari ya kuitia kikao. Mjomba akacheka. "Basi nipe wako, dada, nisirudi mikono mitupu." Mama alinitazama mimi, akisubiri niseme neno. Mimi nilikuwa nimeshauchukua mfuko wangu wa nguo, nimesimama mlangoni.

Ruangwa nilikula kila nilichokuwa nakihesabu. Nilikunywa soda mpaka ikapoteza heshima yake. Likizo ya kwanza nilirudi Nachingwea nina mashavu, majirani wakanisifu, nami nikatembea kama mwenye mgodi. Halafu nikaingia ndani nikamkuta Hamisi amekaa mahali pangu kwenye mkeka, Mama anamchagulia ming'oko ya katikati. Nilimwonea wivu upya, safari hii sikuwa na kitu cha kumbadilishia.

Leo sote tuna mvi. Mimi nauza mitumba sokoni Ruangwa, na muuguzi ameniambia sukari yangu imepanda. Akanipa maagizo: mboga za majani kila mlo, mbaazi na kunde, ugali wa mtama au wa dona kidogo, karanga kiasi, soda niisahau. Alikuwa anakitaja chungu cha Mama chote, kama aliyewahi kula kwetu. "Vyote viko hukuhuku, baba, si vya kuagiza mbali." Nikamwambia najua, niliwahi kuwa navyo, nikavibadilisha na mkate. Hakucheka. Soda nimeitoa nyumbani kwangu, na watoto wanaponunia kisamvu nabishana nao kijiko kwa kijiko, kwa sababu ulimi wa mtoto unazoea upesi kuliko wangu. Anayeona chakula cha kwao ni cha kishamba aje kwanza tuzungumze, nimwoneshe vidonge vyangu.

Hamisi analima korosho upande wa Mnero na bado anawakimbiza vijana uwanjani. Juzi nilimkuta kwa Mama, meno yake yote yamekaa kwenye mstari. "Turudishiane," nikamwambia. "Chukua Ruangwa yako." Akanikagua kuanzia tumbo kwenda juu. "Bidhaa iliyotumika hairudishwi, binamu."

Mama akaleta sahani. Macho yake yamefifia, lakini mkono una kumbukumbu: ya katikati kwa Hamisi, mikia kwangu. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Kabla sijalalamika akanishika bega, akasema kwa sauti ya kuomba radhi, "Leo mkate sikupata, mwanangu. Utaweza kula hivi?"

Nikasema nitaweza. Nikala mikia yote, na sahani nikaisogeza kwa Mama aniongeze.